Seva imenyamaza. Imepona?

Mwezi wa pili, miaka kadhaa iliyopita, tuliagiza chipsi mayai za watu wanne na soda baridi kusherehekea kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu. Seva iliyokuwa ikipokea taarifa za malipo ya ada kwa shule kadhaa za bweni, ambayo Januari nzima ilikuwa ikituamsha usiku, ilikuwa imetimiza wiki tatu bila kudondoka hata mara moja. Kijana aliyeandika kile kiraka alikuwa amegusa mistari minne tu ya msimbo. Bosi akaandika kwenye grupu la ofisi, "Hongereni vijana," tiketi ya lile tatizo ikafungwa, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Julai shule zikafunguliwa. Jumatatu ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, seva ilikuwa imeshaanguka mara mbili.

Kile kiraka hakikuharibika kati ya Februari na Julai. Hakikuwa kimeponya kitu tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa na kila tulichohitaji kulijua hilo mapema, ila hatukujiuliza. Programu inayoanguka mara moja moja, ukishaitia kiraka, utajuaje kwamba imepona na haijanyamaza tu?

Programu inayoanguka kila ukibonyeza kitufe fulani ni mgonjwa mwepesi. Unabonyeza, inaanguka, unatia kiraka, unabonyeza tena, inasimama, unakwenda nyumbani. Hii nyingine haina kitufe. Leo saa nane usiku, keshokutwa saa tano asubuhi, halafu kimya siku tisa mpaka unaanza kudhani umeota.

Cha kwanza kutazama ni namba ya kifo. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, programu iliyokufa ghafla mara nyingi huacha namba, na mbili kati ya hizo kila mlinzi wa seva anapaswa kuzijua kama namba ya simu yake. 137 ni 128 ukiongeza 9: programu iliuawa kwa ishara namba 9, na mara nyingi muuaji ni mfumo wenyewe ulioona memori inakwisha ukaamua kumtoa mmoja kafara. 139 ni 128 ukiongeza 11: programu iligusa sehemu ya memori isiyo yake ikapigwa chini. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na nimeona watu wakiyatibu kwa dawa moja, kuongeza RAM, yaani memori ya mashine, kwa sababu kwenye simu ya usiku yote mawili huitwa "seva imeanguka". Yetu ilikuwa 139.

La pili, hakikisha maanguko yanaonekana. Seva nyingi siku hizi zina systemd, msimamizi wa kuwasha programu nyingine, na systemd ukiiagiza huinua programu sekunde chache tu baada ya kufa. Mteja anaona ukurasa umechelewa kidogo, basi. Nimewahi kuambiwa na mtu, kwa kujiamini kabisa, kwamba mfumo wake haujaanguka mwezi mzima. Tulipofungua logi, kumbukumbu za matukio ya seva, tukakuta umeinuliwa upya mara kumi na nne. Kama huhesabu maanguko kabla ya kiraka, baada ya kiraka utakuwa unapima hewa.

Sasa, kwa nini programu ileile, kwenye mashine ileile, ianguke leo na isianguke kesho? Yetu ilikuwa hivi. Mzazi akilipa kwa simu, kampuni ya simu hutuma taarifa kwa seva: fulani amelipa kiasi fulani. Seva inapaswa kujibu, "Nimepokea." Jibu likichelewa, kampuni hutuma taarifa ileile tena, na ina haki, kwa sababu haijui kama ya kwanza ilifika. Ndani ya programu kuna vibarua kadhaa wanaofanya kazi kwa wakati mmoja; wataalamu huwaita nyuzi. Kibarua wa kwanza anashughulikia taarifa ya kwanza, wa pili anaidaka nakala yake. Wote wawili wanashika kumbukumbu ya malipo yaleyale. Wa kwanza akimaliza anairudisha ile sehemu ya memori ili wengine waitumie. Wa pili bado ana anwani yake mkononi.

Fikiria chumba cha gesti. Umekaa siku mbili, umerudisha ufunguo mapokezi, umeondoka, lakini ulichongesha ufunguo wa pili na bado unao mfukoni. Njiani unakumbuka ndala zako, unarudi kimyakimya, unafungua mlango. Kama chumba hakijapata mgeni mpya, utachukua ndala zako uende zako, na hakuna atakayejua kwamba kuna kosa limefanyika. Kama mgeni ameshaingia, ndipo patachimbika. Kosa ni lilelile mara zote mbili. Tofauti ni kama gesti ilikuwa imejaa.

Kile kiraka cha Februari kilikuwa kinamwambia kibarua wa pili: kama mkononi huna ufunguo, usiende. Lakini ufunguo alikuwa nao. Hakikumzuia hata kidogo. Wiki tatu zile zilikuwa za amani kwa sababu ada zilikuwa zimeshalipwa, taarifa zilikuwa zinaingia chache, na gesti ilikuwa tupu. Kwa lugha ya fundi bati, tuliziba paa kiangazi, tukatazama dari, tukaona kavu, tukalipana.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo laiti ningefundishwa mapema. Chukua kwamba maanguko yanakuja bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila siku 10. Ukitia kiraka cha uongo, yaani kisichobadilisha chochote, uwezekano wa kupata siku 10 za kimya kwa bahati tu ni kama 37 katika 100. Siku 20 za kimya, uwezekano unashuka hadi karibu 14. Siku 30, unabaki 5. Kwa hiyo kanuni ya mkononi ni hii: chukua wastani wa muda kati ya anguko na anguko, zidisha kwa tatu, ndipo kimya kinaanza kuwa na maana. Nasema kinaanza, kwa sababu 5 katika 100 bado ni nafasi ya watu wengi kudanganyika.

Baada ya aibu ya Julai tulirudi kwenye logi za mwaka uliotangulia. Nje ya msimu wa ada, seva ilikuwa inaanguka kama mara moja kila siku 20. Sisi tulisherehekea siku ya 21. Bila kiraka chochote, hata kama tungekaa tu tukanywa zile soda, tungekuwa na nafasi ya kama 35 katika 100 kupata kimya kilekile. Siku 60 ndizo zingetufaa, na bado zingetuambia habari za msimu mkavu peke yake.

Nani atasubiri siku 60? Hakuna, na hakuna haja. Fundi mwenye akili hasubiri masika; anapanda na ndoo ya maji. Ndoo yetu ilikuwa nakala ya seva, mashine ya pembeni yenye programu ileile na data ya kubuni, pamoja na programu ndogo ya kurusha taarifa za malipo zilizorudiwa, moja nyuma ya nyingine, usiku kucha. Siku ya kwanza haikuanguka hata mara moja. Tukaingiwa na wasiwasi kwamba labda tumekosea ugonjwa. Kisha mwenzetu mmoja akaweka ucheleweshaji wa makusudi, milisekunde chache, pale kibarua wa kwanza anaporudisha memori. Ikaanza kuanguka, kwa wastani mara moja kila jozi 400 za taarifa. Kwa mwendo ule wa kurusha, jozi 400 zilikuwa zinapita kwa dakika chache. Kile kilichotaka siku 60 sasa kilitaka jozi 1,200, kazi ya muda wa chakula cha mchana.

Mbinu hiyo ya kuchelewesha makusudi si yetu, na inatumika kwenye mambo makubwa kuliko ada za shule. Agosti 14, 2003, katika kampuni ya umeme ya FirstEnergy ya Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, programu ya kuwatahadharisha waongoza mitambo ilikwama saa nane na dakika 14 mchana, na hakuna aliyegundua. Taarifa zikaanza kurundikana nyuma yake. Saa nane na dakika 41 seva iliyoibeba ikaanguka. Ya akiba ikapokea mzigo, na mrundikano wake, nayo ikaanguka saa nane na dakika 54. Huku nje nyaya za msongo mkubwa zilikuwa zinalegea na kugusa miti ambayo haikupunguzwa, na waliokaa mbele ya skrini waliona shwari. Jioni ile watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada, kuanzia Detroit hadi New York na Toronto, walikuwa gizani.

Miti ilikuwa na lawama yake, na watu walikuwa na yao. Lakini ile programu, XA/21 ya General Electric, ndiyo inayonihusu hapa. Ukijumlisha mitambo yote iliyokuwa ikiitumia, ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa milioni 3 bila kasoro ile kujitokeza. Hiyo ni zaidi ya miaka 340 ya kimya. Na kasoro ilikuwamo muda wote: sehemu mbili za programu zikigombania data moja kwa wakati mmoja, kwenye upenyo wa muda unaopimwa kwa milisekunde. Waliipata baada ya kama wiki nane, na walichofanya ni kuirushia programu tahadhari huku wakiichelewesha makusudi ndani kwa ndani, mpaka upenyo ule ukapanuka kiasi cha kuonekana.

Ndoo ya maji ina hila zake. Ukiichelewesha programu unaweza kuzalisha anguko jingine kabisa, ukalitibu kwa ushindi, na lile la mwanzo likabaki limekaa linakucheka. Kwa hiyo kila anguko la kwenye nakala lazima lifananishwe na la kweli: namba ileile ya kifo, jina lilelile la sehemu ya msimbo, mfuatano uleule wa nani alimwita nani mpaka pale ilipokufa. Hayo yote yamo kwenye faili ambalo Linux huweza kulihifadhi programu inapokufa, ikiwa umeiruhusu. Seva nyingi nilizozikuta hazijaruhusiwa. Kama kila anguko linatokea mahali tofauti, bila uhusiano wowote, kabla ya kumlaumu mwandishi wa programu ipime RAM yenyewe. Nimeona wiki mbili za kusoma msimbo zikiishia kwenye kijiti kimoja cha memori kibovu.

Hila nyingine ni ya kuudhi zaidi. Makosa haya ya kugombania yana tabia ya kujificha ukiyatazama. Unaongeza mstari mmoja wa kuandika kwenye logi ili uone kinachotokea, na anguko linapotea, kwa sababu kuandika kwenye logi kunamchelewesha kibarua mmoja kidogo tu, na wale wawili hawakutani tena mlangoni. Kiraka chako kinaweza kufanya hivyohivyo. Kinaweza kuwa hakijatibu chochote ila kimeisogeza saa. Dawa ya hilo ni kukitoa. Tia kiraka, rusha jozi 1,200, hesabu. Kitoe, rusha tena, na uone maanguko yanarudi kwa kasi ileile. Kirudishe. Halafu sogeza ule ucheleweshaji mahali pengine, uongeze, uupunguze, urushe tena. Kiraka kinachoshinda kwa ucheleweshaji mmoja tu kina bahati, hakina dawa. Watu wengi hawafanyi hatua ya kukitoa. Inaonekana kama kupoteza muda, au kumkosea heshima aliyekiandika.

Kiraka cha pili, cha Julai, kilipita yote hayo. Kilikuwa kinaweka kufuli: kibarua akishika malipo fulani, anaandika namba yake kwenye daftari la zilizoonekana, na nakala yoyote inayokuja baadaye inatupwa. Jozi 9,000, hakuna anguko. Hapo ndipo tulipobishana na bosi. Yeye alitaka kiingie usiku huohuo kwenye seva zote mbili tulizokuwa nazo sasa, A na B. Mimi nilitaka kiingie kwenye moja.

"Yaani unataka niache nyingine inaumwa makusudi?"

"Ndiyo, mzee. Wiki mbili."

Hoja yangu ilikuwa hii: nakala ya pembeni ni ndoo tu, na mvua ni mvua. Ukitia kiraka kote, kisha malipo yakapungua, tutarudi kulekule kwa Februari. Lakini seva mbili zikipokea mzigo wa siku ileile, moja ina kiraka na nyingine haina, msimu unazigusa zote sawa. Ile isiyo na kiraka ndiyo kipimo cha mvua. Alikubali shingo upande, kwa masharti kwamba nitaamka mimi ikidondoka.

Tulikaribia kuharibu hata hapo. Kigawanyaji cha mzigo mbele ya seva zile kilikuwa kinapeleka taarifa moja huku, inayofuata kule, kwa zamu. Maana yake taarifa ya kwanza ya malipo ingekwenda A na nakala yake B, vibarua wawili wasingekutana kamwe, na seva zote mbili zingeonekana nzima. Tungekuwa tumeuficha ugonjwa kwa mpangilio wa jaribio lenyewe. Tukabadilisha: namba ya malipo ikiisha na shufwa, taarifa zake zote zinakwenda A, ikiisha na witiri, B. Kiraka kikakaa B.

Ndani ya wiki mbili A ilianguka mara tano. B haikuanguka. Kama kiraka kingekuwa hakina kitu na seva zote zina nafasi sawa ya kuanguka, kupata mara tano zote upande mmoja, ule usio na kiraka, ni sawa na kurusha sarafu mara tano ikaangukia uso uleule uliotaja kabla: nafasi moja katika 32. Pamoja na zile jozi 9,000, mimi nilikuwa nimeridhika, na nilikuwa nimeshaandika nusu ya ujumbe wa kumwambia bosi.

Mama mmoja akafika shuleni na simu mkononi. Ujumbe wa malipo upo, tarehe ipo, kiasi kipo, namba ya malipo inaishia na 7. Mhasibu wa shule anasema hakuna kilichoingia. Witiri. Seva B, ile nzima.

Tulipoichimba logi tukaona. Taarifa ya kwanza ilifika, kibarua akaandika namba kwenye daftari la zilizoonekana, akaenda kuhifadhi malipo, hifadhidata ikawa imeelemewa, ikamkatalia. Sekunde chache baadaye nakala ikaja, ambayo ndiyo ingeokoa jahazi. Kiraka kikatazama daftari, kikaona namba ipo, kikaitupa. Hakuna anguko. Hakuna hata onyo. Seva ya zamani ingeweza kufa pale kwa kelele, mtu akaamka, akarekebisha kwa mkono. Hii mpya ilimeza ada ya mtoto kimyakimya ikaendelea kupumua vizuri.

Kule Ohio nako kulikuwa na dakika kama hii. Saa tisa na dakika 8 alasiri mafundi wa kompyuta walimaliza kuiwasha upya seva kuu. Vipimo vya kuwaka vikaonyesha mashine iko juu na programu zote zinazotarajiwa zinaendesha, wakaamini wameitengeneza. Mfumo wa tahadhari ulikuwa bado umeganda palepale. Walichopima ni kama seva inaishi. Waliokaa mbele ya skrini, ambao ndio wangejua kama tahadhari zinafika, hawakuulizwa. Saa moja hivi baadaye gridi ilianza kuporomoka.

Sisi tulikuwa tunahesabu maanguko tu. Tukaongeza safu ya pili: kila jioni, orodha ya malipo kutoka kampuni za simu upande mmoja, yaliyoingia kwenye vitabu vya shule upande mwingine, na tofauti chini yake. Siku ya kwanza ya kuhesabu hivyo, B ilikuwa na tofauti ya malipo matatu. Kijana wetu, yuleyule wa ile mistari minne, akahamisha mstari mmoja: namba iandikwe kwenye daftari baada ya malipo kuhifadhiwa, ndani ya kufuli lilelile. Tukaanza upya tangu mwanzo, jozi za usiku, kukitoa na kukirudisha, na safari hii tukaiwekea hifadhidata ya nakala tabia ya kukataa mara moja katika kila mara ishirini, ili tuone nakala za taarifa zikifanya kazi yao.

Tiketi ilikaa wazi mpaka Januari iliyofuata, ikimkera kila aliyefungua orodha. Wiki ya tatu ya Januari yule kijana akaifunga. Mahali pa maelezo, ambapo kwa kawaida tulikuwa tunaandika "imetatuliwa", aliandika: msimu wa ada, siku 18, awali anguko moja kila siku 2, sasa 0, tofauti ya vitabu kila jioni, 0.